Nusu ya Feruzi

Asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Mfungo Mosi, mwaka 1306 wa Hijria, ukungu ulikuwa umeufunika mto wote pale Kindu. Wagenya, wavuvi na wapiga makasia wa mto ule, walikuwa wakivuka; makasia yalisikika, mitumbwi haikuonekana. Huko majini mtu mmoja alikuwa akimtukana mwenzake kwa sauti ya upole, kana kwamba anabembeleza mtoto, na matusi yale yalitufikia barazani kwa kadhi yakiwa mazima kuliko maneno yetu wenyewe.

Nilikuwa nimeketi chini, kwenye udongo, kati ya watu wawili walionimiliki. Masudi alikuwa kuume kwangu, juu ya mkeka wake, na kanzu yake imepigwa pasi hata katika unyevu ule. Sumaili alikuwa kushoto, amekunja miguu, na kila mara akigeuza pete kidoleni. Hakuna aliyetupanga hivyo. Walikuwa wakikaa kunizunguka namna ile kwa miaka, kama watu waliozoea upande wao wa kitanda.

Jina langu lilikuwa Feruzi, na bado ni hilo. Nilikuwa fundi wa milango. Waliokuwa wakijenga nyumba za kipwani kandokando ya mto, kuanzia Nyangwe mpaka kwetu, walinikodi nichonge miimo na vizingiti, na ujira walikuwa wakipewa mabwana zangu. Kesi ya asubuhi ile ilikuwa juu ya ujira huo, wa mlango niliouchonga Nyangwe.

Nilinunuliwa Kasongo nikiwa mtoto, kwa mali ya shirika lao, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilikuwa wa wote wawili. Masudi, mtu wa Bagamoyo, alinipeleka chuoni, kwa sababu fundi asiyejua herufi huichonga aya kichwa chini, miguu juu. Sumaili, mzaliwa wa Kibombo, aliniweka kwa fundi mmoja wa Kipemba aliyenifundisha tezo, patasi na randa. Ndiyo maana watu wa mji walisema kichwa changu ni cha Masudi na mikono ni ya Sumaili. Mwanamke mmoja, Safi, aliyekuwa akikaanga vitumbua njiani kuelekea gatini, alikuwa na swali lake juu ya hilo, na hakuchoka kuliuliza, kwa Kiswahili cha huku kinachosema "njo" badala ya "ndiyo".

"Feruzi, kichwa ya Masudi, mikono ya Sumaili. Na tumbo njo ya nani?"

"Ya mwenye kulilisha."

"Basi njo yangu," alisema, na kunitilia kitumbua juu ya jani.

Safi alikuwa mwanamke huru. Ili nimwoe nilihitaji idhini ya mabwana wawili, na tangu shirika lao livunjike hawakuwa wamekubaliana juu ya kitu chochote.

Kuvunjika kwenyewe nilikushuhudia. Waligawana bunduki, wakagawana nguo na chumvi. Mitumbwi ilikuwa mitatu. Kila mmoja alichukua wake, na wa tatu, ulio bora, hakuna aliyekubali umwendee mwenzake. Walibishana mpaka jua likawa utosini, kisha wakaamua upasuliwe. Msumeno niliushika mimi. Ulikuwa mtumbwi wa mti mmoja, mzee, mweusi kwa moshi na mafuta ya samaki, na ulipokatika ulitoa sauti ndogo ambayo sikuitarajia. Kila mmoja aliishika nusu yake, akaifanye kuni. Halafu, mikono yao ikiwa bado na unga wa mbao, waligeuka wote wawili wakanitazama.

Mimi sikugawanywa. Walikubaliana nibaki wa pamoja, nikodishwe, na ujira ukatwe katikati.

Tangu siku ile nilikuwa nikiota ndoto moja. Nilikuwa nimesimama ndani ya nusu ya mtumbwi, katikati ya mto, upande mmoja ukiwa wazi kabisa kama mdomo, na maji hayaingii. Mto ulinichukua polepole, kando yangu zikipita nyumba nilizozifahamu, milango yote imefungwa. Nusu ya mtumbwi haielei. Nimelijaribu jambo hilo kwa gogo dogo lililochimbwa, nikalikata, likazama. Katika ndoto ilielea. Sina cha kuongeza.

Kadhi wetu alikuwa Mwalimu Bakari, mzee wa Pangani aliyetafuna tangawizi kutwa kwa ajili ya meno yake. Alianza bila hotuba.

"Masudi, ujira wa Nyangwe uko kwako?"

"Uko kwangu, Mwalimu. Sikuuiba. Nimeuzuia kama mtu anavyozuia mbuzi wa jirani aliyekula mahindi yake."

"Mahindi gani?" alisema Sumaili. "Mwalimu, mumuulize mahindi gani."

"Kiangazi kilichopita, chote, mtumwa wetu alikuwa nyumbani kwake akimchongea mlango. Mlango wa nakshi ya mnyororo! Mimi nilipata nini? Hata vipande vya mbao vya kuchemshia chai sikuvipata."

"Nilitumia nusu yangu. Nusu yangu ilikuwa inachonga, nusu yako ilikuwa inalala."

Watu walicheka. Baraza lilikuwa limejaa, maana mji ule haukuwa na burudani nyingine asubuhi. Kutoka nyuma, ndani ya ukungu, mtu alisema, "Njo maana ule mulango umepinda upande moja!"

Mlango haukupinda. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaokumbuka vingine.

Kadhi aliwauliza kama waliwahi kugawana siku zangu, huyu mwezi wake, yule mwezi wake, kama sheria inavyoruhusu. Hawakuwahi. Aliwauliza kama yupo shahidi wa makubaliano juu ya mlango wa Sumaili. Hakuwapo. Alihamisha tangawizi kutoka shavu moja hadi jingine.

"Kitu kisichogawanyika," alisema, "wenyewe wakishindwa kukaa nacho, huuzwa, wakagawana thamani yake."

"Mnunuzi ninaye," Masudi akajibu upesi, na hapo nikaelewa kwamba ndicho alichokijia. "Msafara wa Ujiji unaondoka Alhamisi. Mwenye msafara ameuona mlango wa Nyangwe. Anamtaka."

Ujiji haikuwa mwisho. Waliokwenda Ujiji walisogezwa mbele, kambi kwa kambi, hadi pwani, na mimi sikuwa nimemwona hata mmoja aliyerudi. Niliitazama mikono yangu. Chini ya kucha kulikuwa na vumbi la mvule. Mahali fulani mtoni kasia liligonga ubavu wa mtumbwi, likanyamaza.

Sumaili aliacha kugeuza pete. Hakutaka niuzwe, ujira wangu ulikuwa ukimjia kila msimu kama mvua, naye hakuwa mtu wa kuuza wingu. "Miye siuzi," alisema.

"Kadhi hakuombi ruhusa."

"Nimesema siuzi, Masudi."

Masudi alimgeukia kadhi, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mgeni wake. "Mwalimu, umsamehe. Huyu baba yake alivaa gome la mti. Ukimpa mali ya kiungwana ataifanya nini? Ataifukia chini, kama mbwa na mfupa wake."

Barazani hapakuwa na aliyecheka. Wengi waliokuwa pale baba zao walivaa gome la mti.

Sumaili alisimama. Alikuwa mtu mfupi, na ukungu ulimkata kiunoni, kwa hiyo kutoka pale nilipoketi alionekana ananing'inia.

"Basi musikie wote," alisema. "Nusu yangu iko huru. Nimeiacha kwa Mungu, leo, mbele ya macho yenu. Sasa wewe Masudi, chukua nusu yako, upeleke Ujiji. Tuone muntu gani atanunua muguu moja!"

Hapo walicheka kweli. Walipiga makofi, wakapiga mapaja, na mtu mmoja aliuliza kama nusu ya Masudi itakwenda kwa kuruka-ruka. Sumaili aliketi akiwa ameshinda. Ilichukua muda kabla ya watu kutambua kwamba kadhi ameacha kutafuna.

"Rudia," alisema Mwalimu Bakari.

"Ilikuwa hasira, Mwalimu."

"Sikukuuliza umesema kwa nini. Nimekuuliza umesema nini."

Sumaili alirudia, kwa sauti ndogo.

"Ndoa, talaka na uhuru," alisema kadhi. "Katika hayo matatu mzaha ni kweli, na hasira ni kweli. Neno likitoka limetoka." Alitema tangawizi kando, akaifunika kwa mchanga kwa kidole cha mguu. "Tena uhuru haukai upande mmoja wa mtu. Ukiingia hutembea, kama maji kwenye nguo. Aliyeacha nusu yake, ikiwa anayo mali ya kumfidia mwenzake, basi mtu yule ni huru mzima tangu neno lilipotoka, na mwenzake atalipwa thamani ya nusu iliyobaki. Ikiwa hana mali, maji husimama palepale. Nusu huru, nusu mtumwa, na mwenye nusu hufanya apendavyo na nusu yake."

Niliwatazama mabwana zangu wakifikiri. Masudi aliwahi kufika. Siku zote aliwahi katika hesabu. Nusu ya mtu huru hainunuliwi na msafara wowote. Fidia ya nusu, kutoka kwa Sumaili, ingelipwa papa hapa Kindu, bila safari, bila wapagazi.

"Mwalimu," alisema kwa heshima kubwa, "ndugu yangu Sumaili ni tajiri."

"Miye?" Sumaili aliruka kama aliyekalia siafu. "Miye masikini ya Mungu! Mwalimu, munaona kanzu yangu? Hii kanzu niliivaa harusi yangu."

"Ana pembe za ndovu. Kila mtu anajua alikwenda Lomami akarudi na wapagazi waliolemewa."

"Walibeba mihogo!"

"Mihogo! Mihogo kutoka Lomami! Umeichoka ya hapa?"

Ndivyo ilivyokuwa, nami naieleza kama ilivyokuwa. Aliyetaka kuniuza sasa alikuwa akinipigania niwe huru kwa nguvu zote za koo lake, na aliyenipa uhuru alikuwa akiapa kwamba ni fukara, ili niupate nusu tu. Hakuna kati yao aliyenitazama. Kama wangenitazama, nadhani wangeona jambo, maana nilijua kilichokuwa chini ya sakafu ya chumba cha ndani cha Sumaili. Mbao za sakafu ile nilizipigilia mimi.

Nilifungua kinywa.

"Feruzi, nyamaza," alisema kadhi, si kwa ukali. "Ushahidi wa mtumwa haupokelewi katika kesi hii, na bado sijui wewe ni nini. Sijui hata neno lako ni la nani." Akachukua bakora yake. "Twendeni tukaone huo umasikini."

Tulikwenda kwa miguu, baraza zima. Njia ilipita kandokando ya mto, katika ukungu mzito kiasi kwamba nilimwona anayenitangulia tu, na yeye alimwona wake tu. Tulikuwa kama uzi unaovutwa kupitia pamba. Sauti za Masudi na Sumaili zilitangulia, zikiendelea kugombana, zikipungua na kuongezeka. Ghafla moshi wa mafuta ukaingia puani, na Safi alitokea karibu yangu kabisa, uma wa kugeuzia vitumbua mkononi.

"Wamekuuza?" aliuliza.

"Bado."

"Sasa munaenda wapi muji muzima?"

"Kuangalia kama Sumaili ni tajiri."

Alinitazama kuona kama nimepata homa. Kisha uzi ukanivuta, naye akafifia, uma wake ukiwa wa mwisho kuonekana.

Nyumba ile ya Sumaili haipo tena. Reli ilipofika, miaka mingi baadaye, kiwanja chote kile kilisawazishwa, na mafundi wa reli walikuta nguzo zimeliwa na mchwa hadi ndani. Mlango ulinunuliwa kabla ya hapo. Sijui uko wapi. Naweza kuueleza. Ulikuwa wa mvule, wa pande mbili, na katikati ulisimama mfaa, ule mwimo mwembamba unaopigiliwa kwenye upande mmoja na kuuziba ufa wa pande zote mbili. Juu, kwenye kizingiti, kulikuwa na jina la Mwenyezi Mungu. Kuzunguka miimo, mnyororo, pete ndani ya pete, kama Sumaili alivyoagiza. Hakuagiza idadi ya pete. Hiyo niliiamua mwenyewe.

Mwalimu Bakari alisimama mbele ya mlango akaupitisha mnyororo ule chini ya kidole, taratibu, kama mtu asomaye.

"Kazi nzuri," alisema. Hakusema kwa nani. "Lakini nyumba ya kulala hatuihesabu, wala mlango wake. Mtu lazima alale."

"Mungu awape maisha marefu, Mwalimu," Sumaili alisema, na akataka kurudi nje.

Kilichoharibu mambo ni adabu ya mke wake. Hadidja alikuwa amesikia miguu ya watu wengi, akadhani ni msiba, akatoka na mikeka. Alipoona ni kadhi, alimkaribisha ndani, akamkaribisha zaidi ndani, kama inavyompasa mwanamke wa nyumba yenye heshima, hadi kwenye pazia la chumba cha mwisho. Hapo akasita.

"Humu musiingie, Mwalimu. Si kwa ubaya. Humu hamujafagiliwa."

"Na kwa nini hamujafagiliwa, binti yangu?"

"Miye sijui. Bwana njo anakataza."

Kadhi aliinua pazia kwa ncha ya bakora. Sakafu ya nyumba nzima ilikuwa udongo uliopigwa, kama nyumba zote za Kindu. Sakafu ya chumba kile ilikuwa mbao.

"Sumaili, mbao hizi za nini?"

"Za mchwa, Mwalimu. Mchwa wanatoka chini."

Halafu Masudi alianza kucheka, na mara hii hakikuwa kicheko cha kuomba radhi. Kilimshika tumboni, akaegemea mwimo wangu, machozi yakimtoka. "Mchwa!" alisema. "Amewatandikia mchwa chakula!"

Hadidja alikuwa akimtazama mumewe. "Mwaka muzima," alisema polepole, "unalala humu, peke yako. Unasema ni mugongo."

"Nyamaza, mama."

"Nimenyamaza mwaka muzima."

Kadhi alinigeukia. "Feruzi. Ushahidi wako sikuutaka, na hata sasa siutaki. Nataka nyundo yako tu. Ng'oa."

Nyundo na patasi zilikuwa kiunoni, mahali pake pa siku zote. Nilipiga magoti. Nilijua ubao wa kuanzia, kwa sababu nilikuwa nimeuacha msumari mmoja pungufu ili ufunguke bila kupasuka; fundi hufikiria siku ya kufungua. Ubao ulitoka. Wa pili ulitoka. Vumbi lilipanda, jembamba, jeupe, na ukungu uliokuwa umetufuata ndani ukachanganyika nalo, hata kwa muda sikuona mikono yangu mwenyewe, niliisikia tu ikifanya kazi. Vumbi lilipotua, zilikuwa pale. Pembe zilikuwa zimelazwa katika nyasi kavu, zimepinda, kubwa na ndogo, tumbo la moja mgongoni mwa nyingine, kama watu waliolala pamoja kwa baridi. Waliosimama mlangoni waliinama, wakawapisha wenzao, nao wakainama.

"Mihogo," alisema mtu mmoja nyuma, kwa sauti ya chini.

Mwalimu Bakari alitoa hukumu papo hapo, amesimama ukingoni mwa shimo. Sumaili anayo mali zaidi ya chakula, mavazi na makazi yake. Kwa hiyo Feruzi ni huru mzima, na uhuru wake umeanza lilipotoka neno, barazani, si sasa. Masudi atalipwa thamani ya nusu yake kwa pembe, zikapimwe mbele ya mashahidi, na humo itakatwa nusu ya ujira wa Nyangwe aliouzuia. Juu ya mlango wa mnyororo, hakuna shahidi, hakuna dai.

Masudi alisema ameridhika. Sumaili alikuwa amechuchumaa, ameweka kiganja juu ya pembe iliyo karibu, kama mtu anayemshika mgonjwa paji.

"Bado moja," alisema kadhi. "Nani aling'oa mbao hizi?"

"Si mtumwa we…" Sumaili alianza, kisha akainua uso.

"Neno lako ulilitoa wapi?"

"Barazani."

"Na mbao zimeng'olewa lini?"

Sumaili aliondoa kiganja juu ya pembe.

"Basi mtu huru amefanya kazi nyumbani mwako," alisema Mwalimu Bakari. "Mpe ujira wake."

Hadidja ndiye aliyekwenda jikoni. Alirudi na bonge la chumvi lililofungwa kwenye jani la mgomba, akampa mumewe, na Sumaili, bila kusimama, alilinyoosha kwangu. Niliichomoa nyundo kiunoni, na patasi, nikaziweka juu ya mbao, kwa sababu zilikuwa zao. Nikapokea kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na jani lilikuwa na unyevu.

Kuume kwangu Masudi alinyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyofanya kila mara nilipolipwa. Mkono ulikaa hapo, kati yetu. Kisha akauona, akaurudisha ndani ya kanzu.